Hugh Trowell

Hubert Carey Trowell, anayejulikana zaidi kwa jina la Hugh Trowell (1904 – 1989), alikuwa daktari kutoka Uingereza aliyefanya kazi Kenya na Uganda kwa karibu miaka 30. Baada ya kustaafu udaktari alipata upadrisho katika Kanisa la Anglikana, na katika uzee wake akarudi kwenye utafiti wa tiba.

Anakumbukwa kwa mambo mawili hasa. Kwanza, alikuwa mmoja wa madaktari waliosaidia ulimwengu kuelewa kwashakoo, ugonjwa wa watoto wanaokosa lishe ya kutosha. Pili, alikuwa kati ya wa kwanza kuonyesha kwamba kisukari, unene uliokithiri, shinikizo la damu na magonjwa ya moyo, ambayo yalikuwa nadra Afrika ya Mashariki alipofika mwaka 1929, yaliongezeka kadiri watu walivyobadilisha namna yao ya kuishi. Magonjwa hayo leo huitwa magonjwa yasiyoambukiza.

Maisha ya awali

Trowell alizaliwa Uingereza mwaka 1904. Alisomea udaktari katika Hospitali ya St Thomas jijini London. Mwaka 1929 alijiunga na idara ya tiba ya serikali ya kikoloni na kupelekwa Kenya.

Alifuatana na mke wake, Margaret Trowell (1904 – 1985), ambaye alikuwa msanii. Walipokuwa Machakos, Margaret alijifunza kazi za mikono kwa wanawake wa Kikamba. Baadaye alianzisha mafunzo ya sanaa ambayo yalikua na kuwa shule ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Makerere. Shule hiyo ilipewa jina lake.

Kazi nchini Kenya

Miaka ambayo Trowell alianza kazi, daktari wa serikali Afrika ya Mashariki alikutana kila siku na malaria, kuhara, kifua kikuu, minyoo, vidonda na homa za aina nyingi. Vitabu alivyosomea London vilieleza pia magonjwa mengine: kisukari, shinikizo la damu, mshtuko wa moyo. Wagonjwa wa aina hiyo walijaa katika wodi za Uingereza. Katika wodi za Waafrika nchini Kenya hawakuonekana, au walionekana mara chache sana.

Trowell hakuwa peke yake katika kuona jambo hilo. Mwaka 1929 daktari mwingine, C. P. Donnison, alichapisha matokeo ya kupima shinikizo la damu la watu wapatao 1,000 magharibi mwa Kenya. Kwa Wazungu shinikizo lilikuwa likipanda kadiri umri ulivyoongezeka. Kwa watu hao wa Kenya halikupanda hivyo. Trowell aliuchukulia utafiti huo kwa uzito mkubwa, naye kwa miaka mingi aliendelea kuandika kumbukumbu za magonjwa aliyoyaona na yale ambayo hakuyaona.

Mulago na ugonjwa wa kwashakoo

Mwaka 1935 Trowell alihamishiwa Uganda, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala. Huko alikuwa daktari na pia mwalimu wa wanafunzi wa udaktari wa Makerere. Madaktari wengi wa kizazi cha kwanza cha Uganda, Kenya na Tanganyika walisoma Makerere, kwa hiyo mafundisho ya walimu wa Mulago yalifika mbali katika eneo lote.

Mulago alikuta watoto wadogo waliovimba miguu na uso, ngozi ikibanduka, nywele zikiwa nyepesi na zenye rangi ya wekundu. Wengi wao walikufa. Katika Pwani ya Dhahabu (Ghana ya leo) daktari Cicely Williams alikuwa ameueleza ugonjwa huo mwaka 1933, na mwaka 1935 akautambulisha kwa jina lake la Kiga, kwashiorkor. Kwa Waga ni ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa.

Mwanzoni Trowell hakukubaliana na maelezo hayo. Alidhani ni pelagra, ugonjwa unaotokana na upungufu wa vitamini moja ya kundi B. Dawa yenye vitamini hiyo ilipopatikana, ilijaribiwa kwa watoto, nao hawakupona. Ikabidi abadili mawazo. Polepole ilidhihirika kuwa watoto hao walikuwa wakilishwa vyakula vya wanga karibu peke yake, vikiwa na protini kidogo mno, na kwamba maziwa yaliwasaidia wengi. Mwaka 1954 Trowell, pamoja na J. N. P. Davies na R. F. A. Dean, alichapisha kitabu kuhusu ugonjwa huo, ambacho kilitumika kwa muda mrefu kama rejea kuu.

Kazi hiyo ilimfundisha Trowell jambo alilolishikilia maisha yake yote: ugonjwa mkubwa unaweza kuletwa na kitu kinachokosekana katika mlo wa kila siku, bila kuwepo kijidudu chochote.

Magonjwa yaliyokuwa hayapo

Katika miaka ya 1950 hali ilianza kubadilika. Mwaka 1956 Trowell na mwenzake waliripoti katika jarida la tiba la Afrika ya Mashariki habari za Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kwa miaka mingi Trowell alikuwa amefanya kazi bila kuona mgonjwa wa namna hiyo miongoni mwa Waafrika, na ndiyo maana mgonjwa mmoja alistahili kuandikiwa makala. Alikuwa mtu wa tabaka la juu na mwenye mwili mnene.

Trowell aliondoka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1960 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika. Ndani yake alikusanya aliyoyaona kwa karibu miaka 30 pamoja na taarifa za madaktari wa nchi nyingine za Afrika. Wakati huo watafiti wengi wa tiba za nchi za joto walishughulika na vijidudu na wadudu. Kitabu kilichouliza kwa nini kisukari ni nadra kijijini hakikuwavutia wengi.

Hata hivyo, swali lake lilikuwa zito. Ikiwa wanawake kwa wanaume wa kijijini hawapati kisukari, na ndugu zao waliohamia mjini wanakipata, basi sababu haiwezi kuwa damu au ukoo peke yake. Lazima kuna jambo katika maisha ya kila siku ambalo limebadilika. Na kama limebadilika kwa mkono wa binadamu, huenda likarekebishwa.

Upadrisho na kurudi kwenye utafiti

Baada ya kurudi Uingereza Trowell alipata upadrisho, akawa kasisi wa Stratford-sub-Castle, kijiji kilicho karibu na mji wa Salisbury. Alipendezwa sana na maswali ya maadili ya tiba. Mwaka 1973 alitoa kitabu kuhusu mjadala wa kuharakisha kifo cha mgonjwa asiyeweza kupona.

Alipostaafu kazi ya parokia, karibu na umri wa miaka 65, alirudi kwenye utafiti akiwa na Denis Burkitt (1911 – 1993), daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa mwenzake Mulago. Burkitt alikuwa amepata sifa kwa kueleza mwaka 1958 aina ya saratani ya watoto ambayo leo ina jina lake. Sasa alikuwa akichunguza kwa nini baadhi ya magonjwa ya utumbo yalikuwa mengi Ulaya na machache Afrika. Trowell alileta kumbukumbu zake za Kenya na Uganda. Mwaka 1975 wawili hao walihariri kitabu kuhusu vyakula vya wanga vilivyokobolewa na magonjwa, na mwaka 1981 kingine kuhusu magonjwa yanayoandamana na maisha ya nchi za Magharibi.

Nadharia ya nyuzinyuzi

Trowell alitoa maana ya kitaalamu ya nyuzinyuzi za chakula, ambazo katika lishe huitwa pia makapi-mlo. Mwaka 1972 alizieleza kuwa ni mabaki ya kuta za seli za mimea ambayo vimeng'enya vya tumbo na utumbo wa binadamu haviwezi kuyavunja. Mwaka 1976 aliipanua maana hiyo. Nyuzinyuzi zinapatikana kwa wingi katika nafaka isiyokobolewa, maharage, kunde, mboga na matunda. Tofauti ya ugali wa dona na ugali wa sembe ni mfano unaofahamika: katika dona pumba na kiini cha mahindi hubaki, katika sembe huondolewa.

Hoja ya Trowell ilikuwa kwamba chakula chenye nyuzinyuzi nyingi husagwa tumboni polepole, hivyo sukari huingia katika damu taratibu na kongosho halilazimiki kutoa insulini nyingi kwa mara moja. Pia hushibisha mapema, na kwa njia hiyo huzuia unene. Kwake kisukari na unene walikuwa kama mapacha waliozaliwa wakati mmoja katika miji ya Afrika ya Mashariki na kukua pamoja. Mwaka 1975 alichapisha makala maalumu kuhusu nafasi ya nyuzinyuzi katika chanzo cha kisukari.

Ushahidi mmoja aliupata nyumbani kwao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia serikali ya Uingereza iliamuru unga wa ngano usikobolewe sana, ili meli chache zilizopatikana zilete chakula cha kutosha. Kuanzia mwaka 1942 karibu asilimia 85 ya punje ilibaki katika unga. Agizo hilo lilikoma mwaka 1953. Mwaka 1974 Trowell alilinganisha takwimu za vifo vya kisukari vya Uingereza na Wales za miaka 1920 hadi 1970 na takwimu za chakula. Alionyesha kuwa vifo vilipungua katika kipindi cha unga huo wa vita, na kupungua huko kulionekana wazi kwa wanawake.

Ukosoaji

Nadharia ya Trowell ilipata wafuasi na wapinzani. Wapinzani walitaja kwanza udhaifu wa kumbukumbu za hospitali. Wakati wa ukoloni ni watu wachache waliofika hospitalini. Mwanamke wa kijijini aliyekuwa na kisukari angeweza kufa nyumbani bila kupimwa mkojo hata mara moja, na kifo chake kikahesabiwa kuwa cha homa. Watu wengi pia hawakufikia umri ambao kisukari cha aina ya pili huonekana zaidi. Kwa hiyo uchache wa wagonjwa katika wodi haukuthibitisha uchache wao katika jamii.

Jambo la pili ni kwamba maisha hubadilika kwa pande nyingi kwa wakati mmoja. Katika Uingereza ya wakati wa vita sukari na mafuta ya kula yaligawiwa kwa mgao. Petroli nayo iligawiwa kwa mgao, na watu wengi walitembea kwa miguu au kwa baiskeli kuliko zamani. Ni vigumu kusema ni kiasi gani cha mafanikio kililetwa na unga na kiasi gani kililetwa na miguu.

Hilo linahusu Afrika pia. Mwanamke aliyelala katika wodi ya Mulago mwaka 1935 alikuwa amekula matoke, mtama au viazi vitamu, lakini vilevile alikuwa amelima kwa jembe la mkono, amebeba maji kichwani, ametwanga nafaka na kutembea kwenda sokoni. Trowell aliweka chakula mbele. Kazi ya mwili ilipata nafasi ndogo zaidi katika nadharia yake.

Utafiti wa baadaye nchini Tanzania

Swali la Trowell lilipata majibu bora zaidi pale watafiti walipotoka hospitalini na kuwapima watu majumbani mwao. Mwaka 1989 kundi la watafiti wa Muhimbili lililoongozwa na Donald McLarty lilichapisha matokeo ya kupima watu wapatao 6,000 katika vijiji sita vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, mkoa ambao sasa unapakana na Simiyu. Wenye kisukari walikuwa chini ya asilimia 1. Trowell alifariki mwaka huohuo. Uchache alioushuhudia wodini haukuwa umetokana na upungufu wa vipimo peke yake.

Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti uliolinganisha wakazi wa Ilala, Dar es Salaam, na wa kijiji cha Shari, mkoani Kilimanjaro. Kisukari kilikutwa kwa asilimia 5.7 ya wanawake wa mjini na asilimia 1.1 ya wanawake wa kijijini. Watafiti walihusisha tofauti hiyo na unene, maisha ya mjini na upungufu wa kazi za mwili.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2010, ulifuatilia watu waliohama vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam. Kabla ya kuhama, wanawake waliofanya kazi nzito za mwili walikuwa karibu asilimia 38. Baada ya mwaka mmoja mjini walibaki karibu asilimia 16. Uzito wa wahamiaji, wanawake kwa wanaume, uliongezeka kwa wastani wa zaidi ya kilo 2. Mabadiliko ambayo Trowell aliyaona yakichukua miaka 30 katika jamii yalianza kuonekana kwa mtu mmoja ndani ya miezi 12.

Mazoezi ya mwili na wanawake wenye kisukari

Sayansi ya leo inaeleza kwa nini jembe na mtungi wa maji vilikuwa kinga. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu, na unaweza kufanya hivyo hata pale insulini inaposhindwa kufanya kazi yake vizuri. Baada ya mazoezi mwili huendelea kuitikia insulini vizuri zaidi kwa saa 24 au zaidi, kisha faida hiyo hupungua. Ndiyo sababu mtu mwenye kisukari hushauriwa asipitishe siku mbili mfululizo bila mazoezi.

Mazoezi yanayopendekezwa kwanza ni yale yanayoharakisha pumzi na mapigo ya moyo: kutembea kwa haraka, kuendesha baiskeli, kuogelea, kucheza ngoma. Ushauri unaotolewa na mashirika mengi ya afya ni angalau dakika 150 kwa wiki, kwa mfano dakika 30 kwa siku tano. Mazoezi hayo yakifanywa kwa miezi kadhaa hupunguza wastani wa sukari katika damu hata pale uzito unapopungua kidogo tu. Husaidia pia kushusha shinikizo la damu na kupunguza mafuta ya tumboni.

Kwa wanawake jambo hili lina uzito wa pekee. Kwa kawaida wanawake hupata magonjwa ya moyo wakiwa na umri mkubwa kuliko wanaume, lakini kisukari huondoa sehemu kubwa ya nafuu hiyo. Mwanamke wa mjini anayeuza dukani au kufanya kazi ofisini anaweza kuchoka kutwa nzima bila misuli yake mikubwa kufanya kazi ya kutosha. Uchovu si kipimo cha mazoezi.

Mgonjwa anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari anatakiwa kupanga mazoezi pamoja na mhudumu wa afya, kwa sababu sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Kuvaa viatu vinavyokaa vizuri na kukagua miguu kila siku ni muhimu pia, kwani kidonda kidogo cha mguu kinaweza kuleta madhara makubwa.

Umuhimu wake

Hugh Trowell alifariki mwaka 1989. Alitunukiwa nishani ya OBE na alikuwa mwanachama wa ngazi ya juu wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London.

Si kila sehemu ya nadharia yake imesimama. Nyuzinyuzi peke yake hazielezi kuenea kwa kisukari. Hata hivyo tafiti nyingi za baadaye zimekubaliana naye kwamba wanaokula nafaka isiyokobolewa na nyuzinyuzi za kutosha hupata kisukari cha aina ya pili kwa kiwango kidogo zaidi, na ushauri wa lishe duniani kote sasa unazitaja.

Mchango wake mkubwa zaidi ni ule wa kuandika kile ambacho hakikuwepo. Kwa kuwa alirekodi wodi zisizo na wagonjwa wa kisukari, kliniki za kisukari zinazojaa leo katika miji ya Afrika ya Mashariki haziwezi kuhesabiwa kuwa jambo la asili lisiloepukika. Kumbukumbu zake zinaonyesha kuwa watu wa eneo hili waliishi bila ugonjwa huo kuenea, wakila vyakula ambavyo bado vinalimwa, na wakifanya kwa miili yao kazi nyingi ambazo leo hufanywa na mashine na magari.